Wasomaji Wanauliza: Redio ya Ridhaa Siku Minara Imenyamaza

Mvua zimeanza Lubumbashi, na barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo moja: jinsi ya kutayarisha kituo cha redio ya ridhaa (redio ya mawasiliano ya watu binafsi, isiyo ya biashara) kitakachofanya kazi umeme ukikatika na simu zikigoma. Tumechagua tano.

*Nina redio ya HF (masafa mafupi yanayofika mbali) ya wati 100 na betri ya gari ya ampea-saa 70. Wakati wa delestaji (mgao wa umeme) ilidumu saa chache tu, kisha ikawa inazima kila ninapoanza kusema. Nikipima betri naona volti 12.4. Je, redio imeharibika? — Msomaji, Katuba*

Redio yako ni nzima, ndugu. Anayekuhadaa ni hiyo 12.4, kwa sababu umeipima wakati betri imetulia. Ukibonyeza kitufe na kusema, redio ya wati 100 huvuta hadi ampea 20, na hapo volti huanguka mara mbili: kwanza ndani ya betri, kisha ndani ya waya. Waya wa nyumba wa milimita mraba 2.5 wenye urefu wa mita 3 (kwenda na kurudi ni mita 6) hupoteza karibu volti 0.8 kwa ampea 20. Redio nyingi zilizotengenezwa kwa volti 13.8 hazitaki kushuka chini ya 11.7. Kama betri imeshuka hadi 12.1 ukiwa unasema, kwenye redio inafika 11.3, nayo inazima.

Mwombe mwenzako apime kwenye plagi ya nyuma ya redio, siyo kwenye vichwa vya betri, wakati wewe unasema. Badilisha waya, weka wa milimita mraba 6, na upotevu utashuka hadi volti 0.35. Kagua pia vibano: ukiona unga wa kijani au mweupe kwenye kichwa cha betri, sugua kwa maji yenye magadi, kausha, kaza, paka grisi. Fyuzi ya ampea 30 ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka betri. Wengi huiweka karibu na redio, na hilo ni kosa la hatari: waya ukichubuka kabla ya kufika kwenye fyuzi, betri itamwaga mamia ya ampea na nyumba itashika moto.

Sasa muda. Kusikiliza kunakula kama ampea 1. Kusema kwa SSB (njia ya kurusha sauti inayotumika zaidi kwenye HF), wastani wa ampea 9. Ukisema dakika 6 katika kila saa, siku nzima utakula takriban ampea-saa 43. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini, na ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa. Yako ikiwa kwenye 12.4 imebaki na robo tatu hivi, kwa hiyo ulikuwa na ampea-saa 17 tu za kutumia bila kuidhuru. Ndiyo maana ya saa chache zile. Kwa siku moja kamili tafuta betri ya sola ya ampea-saa 100, na uanze ikiwa imejaa. Au fanya jambo lisilogharimu kitu: shusha nguvu kutoka wati 100 hadi 25. Anayekusikiliza ataona mshale wa S-mita (kipimo cha nguvu ya mawimbi anayoyapokea) umeshuka alama moja tu, na kwa kawaida maneno yako atayapata yote.

*Naisikia Afrika Kusini vizuri sana, lakini mwenzangu wa Likasi, kilomita 120 tu, simpati. Kwa nini? — Msomaji, Kampemba*

Kwa sababu antena yako ni ya kusimama wima. Hiyo hurusha mawimbi chini chini, kuelekea upeo, na yanaporudi kutoka angani yanatua mbali, yakiwa yameiruka Likasi na Kolwezi. Mawimbi ya ardhini nayo yanachoka kabla ya kufika. Unahitaji antena inayorusha juu, karibu wima, ili mawimbi yarudi kama mvua juu ya eneo zima la kilomita mia tatu au zaidi.

Antena hiyo ni waya mlalo ulioinuliwa chini kuliko watu wanavyodhani: mita 5 hadi 8. Kwa megahezi 7.110, ambayo ni masafa ya kukutania wakati wa dharura kwa kanda yetu ya IARU (muungano wa kimataifa wa redio za ridhaa), kila upande uwe na takriban mita 10.05. Anza na mita 10.40, maana waya wenye ganda la plastiki na waya ulio karibu na ardhi havifuati hesabu. Pima SWR (kipimo cha nguvu ambayo antena inairudisha kwenye redio), kisha punguza kidogo kidogo: sentimita 10 kila upande hupandisha masafa ya antena kwa karibu kilohezi 70. Badala ya kukata, kunja ncha irudi nyuma na uizungushe kwa kubana, ukikosea utaifungua.

Ukifunga ncha kwenye mwembe, usiifunge moja kwa moja. Mti ukiyumba kwa upepo wa dhoruba, waya unakatika, na unakatika usiku ule ule unaouhitaji. Pitisha kamba kwenye kapi, na upande wa pili ning'iniza kidumu cha lita 5 chenye mchanga hadi nusu. Mti ukienda, kidumu kinapanda. Ukirudi, kinashuka, na waya unabaki umekazwa. Kaa mbali kabisa na nyaya za umeme: antena ikianguka, isiweze kuzigusa.

Usiku, hasa kabla ya alfajiri, 7.110 huacha kurudisha mawimbi karibu. Hamia 3.760, waya wa mita 19 kila upande. Majira haya utasikia mikwaruzo mingi ya radi huko chini, kwa hiyo sema polepole na urudie.

*Je, redio za mkononi za VHF (masafa ya juu, ya karibu) hazitoshi? — Msomaji, Ruashi*

Kwa mtaa, zinatosha. Kati ya kuta za matofali, wati 5 na antena ya mpira huenda kilomita 2 au 3. Weka antena nje, mita 10 juu: fimbo ya sentimita 49 na miguu minne ya sentimita 51 iliyoinamishwa, kwa megahezi 145.5. Wawili wenye antena za namna hiyo hufika kama kilomita 25. Usitumie kebo nyembamba ya RG-58 kwa mita 20. Zaidi ya nusu ya nguvu inaishia humo. Nunua RG-213.

*Radi zikianza, nichomoe antena? — Msomaji, Kamalondo*

Chomoa kabla hazijaanza. Ukishasikia ngurumo, umechelewa kugusa kebo. Kebo ichomolewe nje ya ukuta na ncha yake ifungwe kwenye fimbo ya shaba iliyozama ardhini. Usiiache imelala mezani kando ya redio, maana radi inaruka. Wakati wa kiangazi udongo wetu mwekundu hukauka na fimbo fupi hushika vibaya, kwa hiyo zamisha fimbo mbili za mita 2, zikiachana mita 4, na uziunganishe. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Mkiwa kwenye zamu, tangaza kwamba unafunga na utaje nani anashika nafasi yako.

*Katika mazoezi tulipeleka ujumbe vizuri, lakini ukafika umebadilika. Tumekosea wapi? — Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi*

Karibu kila mara ni saa na tarakimu. «Saa mbili» ni saa 2 au saa 8? Na ni ya Lubumbashi au ya Kinshasa, iliyo nyuma kwa saa moja? Andikeni saa zote kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia), yaani yetu ukitoa 2. Saa kumi na mbili jioni hapa ni 1600.

Tarakimu: kwenye kelele, «tatu» na «tano» ni mapacha, kama «six» na «dix» za Kifaransa. Itaje, kisha ihesabie: «tano: moja, mbili, tatu, nne, tano».

Kila ujumbe uwe na namba, kiwango cha uharaka, kituo kilikotoka, idadi ya maneno, mahali, saa, tarehe, anayepelekewa, maneno yenyewe na jina la mwenye ujumbe. «Tunaomba chupa 15 za seramu kabla ya 1600» ni maneno 8, tarakimu nzima ikihesabiwa kuwa neno moja. Mpokeaji ahesabu, akipata 7, kuna neno limepotea, na asitume «nimepokea». Lakini hesabu haitamwonyesha kwamba 15 imegeuka 13. Kwa hiyo asome ujumbe wote kwa sauti, na aliyetuma afuatilie kwa kalamu kwenye karatasi yake, neno kwa neno, kabla ya kusema «ni sahihi».