Maswali ya Wasomaji: Siku Nne kwa Miguu hadi Machu Picchu

Katika toleo lililopita niliandika juu ya Njia ya Wainka, ile ya siku nne inayokatiza milima ya Peru hadi kwenye magofu ya Machu Picchu, mji uliojengwa na Wainka, watu waliotawala huko kabla ya Wahispania kufika. Barua zilizokuja hazitoshi ukurasa huu, kwa hiyo nimechagua chache zenye maswali ya wengi. Ninajibu nikiwa mtu aliyeongoza wageni Kilimanjaro miaka mingi kabla ya kwenda kutembea milima ya wenzetu. Nilipofika kule, jicho langu lilitangulia kwa wale waliobeba mizigo, na mtaliona hilo katika majibu.

Dada yangu, mimi ni mwalimu Tanga, nina miaka 56. Mwanangu anafanya kazi Kanada na anataka twende pamoja Machu Picchu kwa miguu. Sijawahi kupanda mlima wowote, na magoti hunisumbua nikishuka ngazi. Nitaweza, au nitamharibia mtoto safari yake?

Mwalimu, umri wako haunitishi hata kidogo. Magoti ndiyo tuyazungumze.

Watu wengi husikia neno mlima wakafikiria kupanda tu. Njia ya Wainka ina kama kilomita 43, na sehemu kubwa yake ni mawe yaliyopangwa kwa mikono zaidi ya miaka mia tano iliyopita, pamoja na ngazi ambazo hujawahi kuona wingi wake. Siku ya kwanza ni ya upole. Unaanzia Piscacucho, mahali panapoitwa Kilomita 82 kwa sababu ya reli itokayo mji wa Cusco, unavuka daraja la mto Urubamba, kisha unaona Patallacta chini yako, mji mzima wa matuta ya kilimo uliojipinda kufuata bonde. Jioni unalala karibu na Wayllabamba, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi.

Siku ya pili ndiyo inayoogopwa. Unapanda hadi pito la Warmiwañusca, yaani pa kuvukia kati ya vilele, mita 4,215, na hewa inakuwa nyepesi mno. Pale juu watu hupiga picha na kukumbatiana wakidhani kazi imekwisha. Kwa mtu mwenye magoti yako, kazi ndiyo kwanza inaanza, maana mara moja unashuka ngazi za mawe zisizolingana, moja fupi, inayofuata inakufika gotini, hadi bonde la Pacaymayo lililo kama mita 600 chini. Siku ya tatu unavuka mapito mengine mawili, unapita magofu ya Runkurakay, Sayacmarca na Phuyupatamarca, kisha unashuka tena kwa saa nyingi ndani ya msitu wa mawingu hadi Wiñay Wayna. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote. Ukungu unapanda kutoka bondeni, okidi zimeota kwenye kingo za njia, na ngazi zimechongwa kwenye mwamba wenyewe. Lakini ni mteremko mrefu, na goti bovu halitakuruhusu kuutazama msitu.

Kwa hiyo fanya hivi. Usianze mazoezi kwa kukimbia ufukweni. Nenda Lushoto siku za mapumziko, panda na ushuke vilima vya Usambara ukiwa na begi mgongoni, na ukipata jengo lenye ngazi hapo Tanga, shuka taratibu mara kwa mara ili misuli ya mapaja izoee kushika breki. Beba fimbo mbili za kutembelea, na ncha zake zivishwe mpira, kwa sababu ncha za chuma zinaharibu mawe na haziruhusiwi. Baada ya miezi miwili, kama goti bado linavimba, mwambie mwanao mchague njia fupi inayoanzia Kilomita 104, penye magofu ya Chachabamba. Unatembea siku moja, unapita Wiñay Wayna hiyo hiyo, na unaingia Machu Picchu kwa Intipunku, lango la jua, sawa na waliotembea siku nne. Utakosa yale mapito ya juu, lakini goti utarudi nalo.

Kuhusu kumharibia mtoto, ondoa wazo hilo kabisa. Kila kundi lina wa mwendo wa haraka na wa mwendo wa pole, na kiongozi msaidizi hutembea nyuma na yule wa mwisho. Miaka yangu yote mlimani, walionipa hofu ni wale waliokuwa wakishindana.

Mama, vitabu vinasema Machu Picchu iligunduliwa na Mmarekani Hiram Bingham mwaka 1911. Ilikuwa imepotea kweli? (Mwanafunzi wa historia, Dodoma)

Haikupotea kwa waliokuwa wakiishi pale. Tarehe 24 Julai 1911 Bingham alipelekwa mlimani na mkulima wa bondeni, Melchor Arteaga, na huko juu alikuta familia za wakulima zikilima kwenye matuta yale yale ya Wainka. Mtoto mdogo wa kiume ndiye aliyemtembeza kwenye majengo. Tena miaka tisa kabla yake, Agustín Lizárraga wa huko huko alikuwa amefika na kuandika jina lake na mwaka 1902 ukutani. Ni sawa na kusema mmisionari Rebmann aligundua Kilimanjaro mwaka 1848, wakati Wachaga walikuwa wakiuamkia kila asubuhi.

Alichofanya Bingham ni kuutangazia ulimwengu, na kuchukua maelfu ya vitu vilivyochimbuliwa akavipeleka Chuo Kikuu cha Yale. Vilirudi Peru takriban karne moja baadaye, na sasa vinaonekana Cusco katika nyumba ya makumbusho ya Casa Concha. Ukienda, vione kabla ya kuanza kutembea. Kingine cha kuandika kwenye daftari lako: Bingham aliamini amepata Vilcabamba, mji wa mwisho wa wafalme wa Inka walioendelea kuwapinga Wahispania hadi mwaka 1572. Mji huo uko Espíritu Pampa, chini kwenye misitu, mahali ambapo yeye mwenyewe alipita mwaka ule ule bila kupatambua.

Mimi ni baba wa watoto wawili, Mwanza. Mkubwa ana selimundu, na tulipopimwa nikaonekana nina chembe moja ya urithi wa ugonjwa huo, AS. Siumwi. Kampuni yetu inatupeleka wafanyakazi Peru. Je, nitembee?

Kaka, nashukuru umeuliza kabla ya kukata tiketi, kwa sababu fomu nyingi za safari huuliza moyo, pumu na kisukari, na hili haliulizwi.

Mwenye selimundu kamili, yaani SS, asipelekwe kwenye mwinuko kama huo. Hewa ikipungua oksijeni, chembe nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa. Mwenye AS kama wewe ana hali tofauti. Wengi hupanda milima mirefu na kurudi salama, na bila shaka wapo waliofika kilele cha Kilimanjaro wasijue kama wanayo. Hata hivyo, madaktari wameandika visa vya watu wa AS ambao bandama lao, wengine huita wengu, lilikosa damu walipofika juu. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, mara nyingi na kichefuchefu. Dawa ya kwanza ni kushuka na kupewa oksijeni, palepale, bila kusubiri asubuhi.

Sasa fikiria Warmiwañusca. Hakuna barabara. Mgonjwa hurudishwa chini kwa machela, mabegani mwa watu. Mwone daktari wa damu, pale Bugando au kwingine, umweleze mwinuko wa mita 4,215. Muulize pia juu ya asetazolamaidi, dawa ambayo wasafiri wengi humeza kuzuia ugonjwa wa mwinuko, kwa kuwa inakojoza, na mwenye AS hapaswi kupungukiwa maji mwilini. Akikuruhusu, fika mapema ulale siku kadhaa kwenye Bonde Takatifu, Ollantaytambo kwa mfano, ambako ni mita 2,800 hivi. Cusco yenyewe iko mita 3,400. Mweleze kiongozi wako hali yako siku ya kwanza kabisa. Na akikukataza, panda treni. Machu Picchu iko mita 2,430 tu, na treni inafika hadi mji ulio chini yake.

Shikamoo mama. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo Kilimanjaro, nyumbani Rau. Wageni wangu wawili waliniambia wapagazi wa Peru wana sheria yao. Ni kweli? Wanaishi vizuri kuliko sisi?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja.

Ni kweli. Kabla ya hapo mtu wa kule aliweza kubebeshwa kilo 40 au zaidi, amefunga mzigo kwa shuka na kamba, miguuni ana kandambili za tairi. Mwaka 2001 bunge la Peru likapitisha sheria ya wapagazi, na kikomo kikawa kilo 20. Wanawake, ambao siku hizi nao wameingia kazi hii, kikomo chao ni kilo 15. Pale Kilomita 82 kuna mizani, na kila mpagazi hupimiwa mzigo kabla ya kuvuka. Punda na nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi, hawaruhusiwi kwenye njia hiyo kwa sababu kwato zinabomoa mawe, kwa hiyo kila hema, mtungi wa gesi, sufuria na yai linapita mgongoni mwa mtu.

Kilo 20 unazijua, ni hizo hizo za getini kwetu. Na unayajua pia yanayotokea mizani ikishapitwa. Hata kule nilisikia wapagazi wakieleza jinsi mzigo unavyoweza kugawanywa kwa ujanja kabla ya kupimwa, kisha ukakusanywa tena mbele. Sheria ni nzuri, lakini inahitaji mtu wa kuisimamia hadi kambi ya mwisho.

Wengi wao ni wakulima wa viazi na mahindi kutoka vijiji vya milimani, na lugha yao ni Kikechua. Wanaondoka kambini baada ya wageni na kufika kabla yao, wakishuka ngazi zile kwa mbio, na wageni wakifika wanakuta chakula kiko tayari. Usiku wengi hulala kwenye hema la kulia, wageni wakishamaliza chai. Unaona hakuna jipya kwako.

Lililoniuma mimi ni la asubuhi ya mwisho. Wageni huamshwa saa tisa za usiku, wakidhani ni kwa ajili ya kuwahi mawio kwenye lango la jua. Sababu nyingine ni kwamba wapagazi wanatakiwa kukunja kambi na kukimbilia treni ya alfajiri chini bondeni. Wao hawaendi Machu Picchu. Nilikutana na mzee aliyekuwa amebeba mizigo ya watu kwenye njia ile tangu ujana, na hakuwa amewahi kuingia ndani ya mji ambao babu zake waliujenga. Zipo kampuni zilizoanza kuwapeleka wapagazi wao na familia zao, nazo nazipongeza kwa moyo wote. Lakini ilipaswa kuwa kawaida.

Wenye pesa wanaosoma barua ya kijana huyu, nisikilizeni. Mkitafuta kampuni, Peru au hapa kwetu, msiulize bei tu. Ulizeni wapagazi wanalala wapi, wanakula nini, nani anawapa godoro la kambini na koti la mvua, na bima yao ni ipi. Kampuni inayofanya vema hujibu bila kigugumizi. Bei ikishuka kupita kiasi, kilichopunguzwa ni chakula na ujira wa mtu. Kwako mwanangu, kama hujafika ofisi za KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, hapo Moshi, nenda. Wanafuatilia haki za wapagazi tangu mwaka 2003, na kozi zao zitakusaidia siku ukitaka kuwa kiongozi.

Assalaam alaykum. Niko Muscat, likizo yangu ni Juni tu. Vibali vya Njia ya Wainka vimekwisha. Wakala ameniambia kuna mtu ameghairi, nitumie kibali chake kwa bei nafuu. Ni salama?

Waalaykum salaam ndugu yangu. Usimpe hata senti. Watu 500 tu huruhusiwa kuanza njia ile kila siku, na zaidi ya nusu yao ni wapagazi, wapishi na viongozi. Kibali kina jina na namba ya pasipoti, hakihamishwi, na mlinzi wa Kilomita 82 hulinganisha vyote viwili. Utafika na kurudishwa. Juni ndiyo msimu wa kiangazi, na tarehe 24 Cusco husherehekea Inti Raymi, kwa hiyo nafasi huisha miezi mingi kabla.

Likizo yako ikiwa haibadiliki, nenda Choquequirao. Ni mji mwingine wa Wainka, na sehemu kubwa yake bado imefunikwa na msitu. Unaanzia Cachora, unateremka korongo la mto Apurímac hadi mita 1,500 hivi, unavuka daraja, kisha unapanda upande wa pili hadi mita 3,000. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 60, siku nne au tano. Nyumbu wanaruhusiwa kubeba mizigo. Bondeni kuna joto na visubi wanaong'ata, na kupanda kule kunachosha kuliko siku yoyote ya njia ile nyingine. Ila utakuta matuta ambayo ukuta wake una picha za llama, mnyama wa kufugwa wa milima ile, zilizopangwa kwa mawe meupe, na huenda mkawa watu wachache tu mbele yake.

Ukiamua kungoja Njia ya Wainka ya mwakani, kumbuka Februari hufungwa kwa matengenezo. Andikisha jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, pamoja na jina la babu kama limo. Pasipoti ikiisha muda wake kati ya kununua kibali na kusafiri, iarifu kampuni mapema na ubebe zote mbili, ya zamani na mpya.