Mkuu, hiyo barua ya saini usiipeleke. Yangu ilikuwa na majina 143

Mleta uzi, nimekusoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimesimama. Unasema usharika wenu umegawanyika juu ya mchungaji na hela za ujenzi. Wazee wamekuomba wewe mwenye kompyuta uandike barua kwa askofu, mmeshapata saini 96, na Jumapili hii mnatafuta zilizobaki. Kisha chini kabisa unauliza umoja utarudije, ibada ya upatanisho inaandaliwaje, na zile kwaya mbili zilizosusiana mtaziunganisha vipi.

Sikia. Barua usiipeleke. Saini usiongeze hata moja. Hayo mengine baadaye.

Najua watakuja hapa watu wa "tuombe sana mpendwa". Ombeni tu. Mimi yangu niliiombea, tena nilifunga siku tatu, na ikatoka safi, haina kosa hata la nukta.

Mwaka 2015 nilikuwa katibu wa baraza la wazee, usharika mmoja wa huku migombani. Dhehebu sitaji, ila nikisema usharika, mtaa na mkuu wa jimbo, wenye kujua mmeshajua. Tulikuwa tunapaua kanisa. Hela ya mabati ilifika milioni sita na laki nne, mabati yakaja ya kutosha upande mmoja tu wa paa. Mvua ikinyesha ibadani, waliokaa kulia wanahamia kushoto na vitabu vyao vya nyimbo kichwani. Tulikuwa tunataniana kwamba kanisa limegawanyika. Tulikuwa tunatabiri.

Minong'ono ikaanza. Kwenye jumuiya, kijiweni kwa bodaboda, kwenye mnada wa sadaka za mazao baada ya ibada: mchungaji kala. Niliyasikia kwa watu kama kumi na tano, na kwa vile walikuwa wengi nikajiona nimefanya uchunguzi. Baadaye nilikuja kugundua wote walikuwa wamesikia kwa mtu mmoja.

Huyo mtu nitamwita Mstaafu, maana jina lake nikiliandika nitafungiwa akaunti kwa kitakachofuata. Alikuwa mtumishi wa serikali, mjuzi wa taratibu, aina ya wale ambao hata sala wanaianza na "kimsingi". Alikuja kwangu jioni, akakaa, akamaliza chai, akasema: "Kijana, askofu hasomi maneno. Anahesabu saini." Nikamwuliza, si tumwone kwanza mchungaji mwenyewe? Akacheka. "Ukimwona si utamwamsha?" Utadhani tunawinda nyoka.

Nikakubali. Mkuu, nilikuwa na miaka 34, na mzee mzima amekuja kwangu, amekunywa chai yangu, ameniambia mimi ndiye tegemeo la usharika. Wewe usingekubali? Na wewe umeshakubali, ndiyo maana nakuandikia.

Saini za kwanza arobaini zilipatikana wiki moja. Zikapanda mpaka 61, zikakwama. Usharika una watu wazima zaidi ya mia nne, 61 hata wewe unaona haitishi mtu. Mstaafu akaja na dawa. Kwenye faili langu kulikuwa na orodha ya mahudhurio ya mkutano wa ujenzi, watu 82, wamesaini wenyewe kwa mikono yao. "Si walikuja kwa ajili ya ujenzi? Na barua si ya ujenzi?" Saa tano usiku, umechoka, hoja hiyo inaingia akilini vizuri sana.

Asubuhi nikaenda steshenari ya pale stendi. Nikafunika kichwa cha kila karatasi kwa kipande cheupe ili neno "Mahudhurio" lisitokee, nikatoa kopi. Kurasa nne, shilingi mia kila moja. Kwa shilingi mia nne nilipasua kanisa lililojengwa na babu zangu kwa mawe waliyobeba kichwani. Dada wa steshenari aliniuliza kama nabana na pini. Nikamwambia bana.

Sasa nikueleze kilichotokea, usidhani askofu ni mtoto. Alimtuma mkuu wa jimbo, na yule baba akafanya jambo la haki kabisa ambalo Mstaafu hakuwa amelipigia hesabu. Baada ya ibada alituomba tubaki, akatoa barua yangu, akasema atasoma majina yote 143, na kila aliyesaini asimame.

Wa kwanza walisimama, wengine kifua mbele. Akafika kwenye kurasa za nyuma. Jina likaitwa, mtu anaangalia jirani yake. Jingine, mtu anasimama nusu, anakaa. Mimi niko meza ya katibu, natazama kalamu yangu kama nimeiona leo.

Akaita jina la bibi mmoja wa mtaa wa juu. Mumewe alikuwa amezikwa wiki tatu kabla, na mchungaji ndiye aliyempandia kwenye tope kila jioni kumwombea tangu alipoanza kuumwa. Bibi alisimama taratibu na fimbo yake, amechangamka, akidhani anaitwa kwa heri. Mkuu wa jimbo akamwuliza kwa upole: "Bibi, unataka mchungaji aondoke?"

"Aende wapi?"

Akapelekewa karatasi. Akaivuta karibu na macho, akaigeuza, akairudisha. "Hii ni yangu, baba. Nilisaini siku ile tukapewa soda."

Watu wakacheka, halafu wakaacha wote kwa pamoja. Bibi akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Katibu, si wewe ulinionyesha mstari?"

Ndiyo, ni mimi nilimwonyesha mstari.

Tangu siku ile hakuna aliyeuliza tena habari ya mabati. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo hasara ilipo. Wale 61 walisaini kweli, na walikuwa na swali halali: hela yetu iko wapi? Swali lao likafia pale pale. Wakaitwa wezi wa saini wote, mpaka mama mmoja aliyeshona vitambaa vya madhabahu miaka ishirini. Na mtu akishaaibishwa mbele ya watu harudi nyuma, anazidi kukaza. Ndani ya miezi miwili watu kama sabini walihamia darasa la shule ya msingi, wanasali wamekalia madawati ya darasa la tatu, magoti yamegusa kidevu. Na mimi nikaenda nao. Ningekaa wapi?

Mke wangu alibaki kanisani na kwaya yake. Kila Jumapili tunatoka nyumbani pamoja, tunafika njia panda, yeye anapanda, mimi nashuka. Watoto walikuwa wanachagua kwa kuangalia wapi kutakuwa na maandazi. Mnada nao ukawa miwili. Mkungu wa ndizi uliokuwa unapanda mpaka elfu arobaini watu wakishindana kwa utani, darasani kwetu uliondoka kwa elfu sita. Wanunuzi walikuwa wanne, na mmoja ndiye aliyeuleta.

Wazee walituonya, tena siyo kwa nadharia. Huku kwetu wengi wanakumbuka mgogoro wa Meru wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ndani ya Dayosisi ya Kaskazini ya KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, uliofika mahali watu waliosali pamoja wakapigana na nyumba zikachomwa. Dayosisi ya Meru ilipatikana mwaka 1992, lakini ziko familia ambazo mpaka leo hiyo mada haifunguliwi mezani. Tukajibu kwamba yetu ni ndogo. Zote zinaanza ndogo.

Mahakamani napitisha haraka kwa sababu bado inaniuma. Mstaafu alisema tukaombe zuio. Tukachanga, tukaweka wakili. Hakuna aliyetuambia mapema kwamba mali ya kanisa inakuwa chini ya wadhamini waliosajiliwa kwa Sheria ile ya Sura ya 318, kwa hiyo katibu wa baraza na wenzake watatu hawana mali ya kugombea pale. Wakili wa upande wa pili alileta pingamizi la awali, tukatolewa, na gharama juu. Nikauza ng'ombe. Lita kumi na mbili kwa siku, mkuu. Nikatafuta jina la Mstaafu kwenye hati ya madai tugawane maumivu: halimo, alijitoa "kwa sababu za kiafya". Nikarudi kwenye ile barua ya majina 143. Humo nako halimo. Sikuwahi kuangalia. Leo hii yumo kwenye kamati ya kumhudumia mchungaji mpya, anakaa kiti cha mbele, kimsingi.

Mchungaji wetu alihamishwa mwaka 2016. Mwaka 2018 nikapanda basi, saa nne njiani, nikagonga mlango wake. Mama mchungaji ndiye aliyefungua. Alinitazama, akasema "karibu katibu", akaenda kuongeza maji kwenye chai. Baba mchungaji akaingia chumbani akatoka na daftari lenye jalada la bluu. Mwinjilisti wa mtaa wetu mmoja alikuwa na mtoto amelazwa hospitali ya rufaa, wamezuiwa kwa deni. Mchungaji na mhazina wakamkopesha milioni mbili na laki tatu kutoka hela ya ujenzi. Marejesho yote yameandikwa, kidogo kidogo, na saini ya mwinjilisti kila mstari.

Sikusema hana kosa. Alikosea, na alikiri kabla sijafungua mdomo: hela ya ujenzi haikopeshwi bila baraza kujua. "Niliogopa kumwanika mwinjilisti," akasema. "Ila ungekuja ningekuonyesha." Kutoka kwangu mpaka nyumba ya mchungaji ulikuwepo mfereji mmoja tu, ambao hata mtoto anauruka. Na mhazina, mkuu, mhazina alijua kila kitu! Alikuwa ameketi kwenye kochi langu usiku ninaochapa ile barua, ananisomea tarehe.

Sasa ndiyo ushike hili, hata kama mengine yote utayaacha. Nenda mlangoni kwake kwanza, wewe peke yako, mikono mitupu. Hakuna karatasi, hakuna simu inayorekodi, hakuna mzee wa kukusindikiza. Mathayo 18 imepanga: wewe na yeye peke yenu, akikataa mchukue mtu mmoja au wawili, akikataa tena ndipo kanisa. Sisi tulianzia mwisho tukaruka mpaka kwa hakimu. Hapo kwenye mmoja au wawili, chukua watu anaowaheshimu yeye, siyo mashabiki wako.

Na asije mtu kuniambia Paulo naye aliandika barua. Aliandika, na jina lake liko mstari wa kwanza. Alipowaandikia Wakorintho kuhusu faraka zao hakusema "waumini wengi wanalalamika", alitaja wazi kuwa habari ameipata kwa watu wa nyumbani mwa Kloe. Petro alipokosea kule Antiokia alimkabili uso kwa uso. Hakuambatanisha orodha ya mahudhurio.

Mimi nilivyorudi nilianza na yule bibi. Halafu wale wengine wa ile orodha, nyumba kwa nyumba, nikimwambia kila mmoja nilichofanya pale steshenari. Tisa nilikuta wameshafariki au wamehama, nikawaambia watoto wao. Mzee mmoja alinifungulia mbwa. Ilinichukua karibu mwaka, na hapo ndipo watu walipoanza kurudi kutoka darasani, wawili wawili, bila tangazo wala ibada maalumu. Hawakurudi wote. Wapo kama ishirini ambao sasa wana kiwanja chao, na tukikutana msibani tunasalimiana vizuri tu, basi.

Kwa hiyo leo usiku fungua hizo kurasa za saini 96, uangalie kichwa cha kila karatasi kama kimefunikwa. Kisha hesabu wangapi kati ya hao wamewahi kumwuliza mchungaji mwenyewe. Wachungaji wengi Jumatatu hupumzika, utamkuta nyumbani. Mwulize: baba mchungaji, hela ya ujenzi iko wapi? Halafu unyamaze, asikie kwamba umemaliza. Akikufukuza njoo hapa uniambie, nitakuelekeza wa kwenda naye mara ya pili. Akikukaribisha chakula, kula.

Naona uliuliza na mambo ya kwaya. Hayo mke wangu ndiye aliyeyashughulikia, ngoja arudi mazoezini nimwulize.