Je, cos x = x ina jibu kati ya 0 na 1?
Ndiyo, lipo. Chukua f(x) = cos x − x, kwa radiani. Ukiweka 0 unapata 1. Ukiweka 1 unapata kama −0.46. Mchoro wake haukatiki popote, hivyo hauwezi kushuka kutoka juu ya sufuri hadi chini bila kuipitia. Ndiyo kanuni ya thamani ya kati, aliyoithibitisha mwanahisabati Bolzano mwaka 1817. Hilo la kutokatika wengi hulisahau: 1/x nayo hubadili alama kati ya −1 na 1 lakini haifiki sufuri kamwe, maana imekatika kwenye 0.

Kanuni yenyewe haisemi jibu ni ngapi. Ili kulipata, andika namba yoyote kwenye kikokotoo kilichowekwa kwenye radiani, bonyeza cos mfululizo. Itatulia kwenye 0.739 hivi.