Simu kung'ang'ania ruta ya mbali

Ndugu, umesema una ruta tatu kwenye nyumba ya ghorofa: ukipanda juu simu inang'ang'ania ya chini, na mara nyingine intaneti inakata kabisa. Hayo ni matatizo mawili.

Kukata kwanza. Inaelekea ruta zote zinagawa anwani za IP, yaani namba za kutambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Iache ile kuu tu, inayopokea intaneti, igawe. Kwenye nyingine zima DHCP (huduma inayogawa anwani hizo), na kama anwani ya kuu ni 192.168.1.1, zipe 192.168.1.2 na 192.168.1.3, ukihakikisha namba hizo haziko kwenye fungu linalogawiwa. Kisha kwenye ruta hizo chomeka waya unaotoka ruta kuu kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani), si WAN (la kupokea intaneti). Hapo ndipo wengi hukwama.

Sasa tatizo la simu kung'ang'ania: wa kuamua kuhama toka ruta moja kwenda nyingine ni simu, si ruta. Jina la Wi-Fi, nywila na aina ya ulinzi viwe vilevile kote. Kwenye masafa ya 2.4 GHz weka chaneli 1, 6 na 11, kila ruta na yake, upana wa chaneli 20 MHz, halafu punguza nguvu ya mawimbi. Watu huiongeza, ndiyo maana simu haioni sababu ya kuhama!

Ukinunua vifaa vipya, chagua vinavyosimamiwa kwa pamoja na vyenye 802.11k na 802.11v, viwango vinavyoisaidia simu kuhama. Waya wa kwenda jengo jingine mwachie fundi, kwa sababu ya radi.