Ekzosi imebonyea, niigandishe na barafu?

SWALI: Fundi habari, pikipiki yangu ililalia jiwe, ekzosi ikabonyea pale kwenye bomba karibu na injini, bonde kama nusu yai. Jamaa yangu anasema nijaze maji, nizibe, nitupie kwenye friza, barafu itasukuma yenyewe. Kweli au ananizingua?

JIBU: Salama mkuu. Hajakuzingua sana, maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 na hiyo nguvu si ya mchezo, ila barafu haijui bonde liko wapi, yenyewe inasukuma popote palipo dhaifu, na mara nyingi ni kwenye mshono, sasa unatoa bomba limepasuka na bonde bado lipo linakuangalia.

Halafu pikipiki yenyewe inavuta kama zamani? Kama ni foo-stroku (ile isiyochanganywa oili kwenye petroli) na bonde ni dogo, ni sura tu imeharibika, ningekuwa mimi ningeacha. Tu-stroku (ile ya petroli iliyochanganywa na oili) ndo kesi nyingine, maana lile tumbo la ekzosi linarudisha wimbi la presha kwenye silinda, umbo likibadilika nguvu inapungua unaisikia kabisa.

Ukiamua kutengeneza, vuta kwa nje. Fungua ekzosi yote (usichomelee ikiwa kwenye pikipiki), sugua hapo na brashi ya waya mpaka chuma king'ae, chomelea bolti katikati ya bonde, pasha kingo za bonde na moto wa gesi mpaka ziwe nyekundu ndo uvute. Kuvuta, unafunga nondo kwenye ile bolti, kwenye nondo kuna chuma kizito chenye tundu kinateleza, unakirusha kuelekea kwako kinagonga kizuizi cha mwisho, bonde linatoka kidogo kidogo. Usiwe na haraka, ukilazimisha bolti inang'oka na kipande cha bomba. Likishatoka kata bolti na grainda, sawazisha.

Kuna wanaoziba ncha zote wakajaza upepo wa kompresa huku wanachoma na moto. Inafanya kazi ila ukizidisha presha kile kizibo kinaruka kama risasi, mi sikushauri ufanye peke yako nyumbani.

Fanyia nje, oili iliyoganda ndani itatoa moshi mchafu, na kama ni ya kromu jua itageuka bluu hapo ulipochoma. Wakati wa kurudisha weka gasketi mpya (ile pete ya kuziba pale ekzosi inapoungana na injini), ile ya zamani ishabanwa haizibi tena.