MUULIZE KARANI: Mtoto wa Mkanda

Bwana Karani, salamu. Mimi ni nyanya, Mpate, nakaa Langoni hapa Lamu. Binti yangu ameolewa na Myoruba wa Abeokuta, Nigeria, na maisha yao ni Nairobi. Alikuja kwetu Faza, kisiwani Pate, kujifungua. Uchungu ukamshika saa nane za usiku, tukampakia botini tumlete hospitali. Kufika Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yamekupwa, boti ikakaa mchangani. Tukiwa twangojea maji yajae, mtoto akatoka, wa kike, mkunga ni mimi na tochi ya simu. Baba mtu alipopigiwa simu akasema papo hapo: "Huyo basi ni Abiona." Mimi nilikuwa nishamwekea jina la marehemu mama yangu, Mwanakombo. Sasa ana siku arobaini na cheti hana, tunavutana. Na watoto wa gatini wamekwisha kumwita Abiria! Jina hilo lina maana gani? Si la mizimu? Na huko kwao lipo kweli, au mkwe wangu alilitunga usiku ule?
Nyanya wa Langoni

Bi mkubwa, hongera kwa mjukuu, na hongera mara mbili kwa ukunga wa mchangani. Mkanda naujua. Nimewahi kukaa pale saa tatu na magunia ya nazi na mbuzi wawili, na hakuna aliyezaa, lakini nilizeeka.

Mkwe wako hakutunga kitu. Jina lipo, na ni la zamani. "Abi" ni aliyezaliwa, na "ona" ni njia. Haihusiani na kuona kwetu. Hiyo o Wayoruba huiandikia nukta chini, ọ, nao huitamka kinywa kikiwa wazi kuliko tunavyofanya sisi. Njia sisi Waamu twaiita ndia, na nyinyi Wapate vilevile, kwa hiyo mjukuu wako ni mzawa wa ndiani. Hupewa mtoto ambaye mama yake alijifungua akiwa safarini, kabla hajafika alikokuwa akienda, na hupewa wa kike na wa kiume sawasawa. Ukienda Malindi ukaingia kwa Wagiriama utamkuta Charo, na charo kwao ni safari. Utamkuta na Safari mwenyewe, mzima mzima, akiendesha tuktuk.

Wayoruba wana ukoo mzima wa majina yanayoanza hivyo. Abiodun ni aliyezaliwa wakati wa sikukuu. Abidemi ni aliyezaliwa baba mtu hayupo nyumbani, na kwa kuwa huyo bwana alikuwa Nairobi amelala, hilo nalo lingemfaa binti yake. Laiti ingenyesha mvua usiku ule, kuna Bejide, aliyekuja na mvua. Na siku mtakapompeleka Abeokuta, usishangae mzee mmoja akimwita Tokunbo, aliyerudi kutoka ng'ambo ya bahari. Ila hilo nikuonye: magari ya mtumba yanayoshushwa bandarini Lagos nayo huitwa tokunbo.

Kuhusu mizimu, swali lako ni la haki na si la kuonewa haya. Yapo majina ya Kiyoruba yaliyobeba miungu yao ya kale. Ukisikia limeanza na Ifa, au Ogun, au Sango, hapo kuna mungu ametajwa. Ndani ya Abiona sikuona isipokuwa mtoto na njia. Na Wayoruba Waislamu ni wengi mno, wana majina yetu haya haya, ila yamepita katika ulimi wao mpaka ukae uyatafakari: Lamidi ni Abdulhamid, Lasisi ni Abdulaziz, Buraimoh ni Ibrahim. Moshood Abiola, yule tajiri aliyeshinda uchaguzi wa urais wa Nigeria tarehe 12 Juni 1993 wanajeshi wakaufuta, Moshood yake ni Mas'ud. Naye alizaliwa huko huko Abeokuta kwa mkweo, mwaka 1937, mtoto wa ishirini na tatu wa babake na wa kwanza kuishi. Wazee walikuwa wamechoka kuzika. Wakamwita Kashimawo, yaani tumtazame kwanza. Alilibeba hilo mpaka akawa kijana. Mtu aliyekua na kina Mashaka na Tabu katika mtaa wake hahitaji kufasiriwa.

Watu wengi wanalo? Si wengi. Kina Abiodun na Abiola ukiita sokoni wataitika kumi. Abiona utaliona zaidi limekaa nyuma, jina la ukoo, maana yake palikuwa na babu aliyezaliwa njiani na wajukuu wanamtembeza. Nadhani sababu ni nyepesi: jina hili linataka njia, na wanawake wengi siku hizi hufika hospitali. Mkanda umewasaidia kulifufua.

Sasa matamshi, na hapa nitajisema mwenyewe. Zamani nikiwa Mombasa nilipanga chumba kimoja na fundi wa mitambo ya meli, mtu wa Ibadan. Nikataka kumfurahisha kwa Kiyoruba. Jioni moja naingia kutoka kivukoni nikamwambia kwa madaha kwamba nimekuja na ọkọ, nikikusudia chombo. Kahawa ilimpalia. Nilikuwa nimemwambia nimekuja na mume. Lugha yao ina tuni tatu, ya juu, ya kati na ya chini, na neno hilo hilo ukilimaliza kwa sauti ya kati ni mume, ukishusha mwisho ni chombo cha kusafiria, ukipandisha ni jembe. Akakata vipande vitatu vya mkate wa mofa, akavipanga mezani, mume, chombo, jembe, akanikataza kula mpaka niviite sawa. Nililala na njaa.

Hilo la jembe likanifungulia jina jingine, Kosoko, yaani hakuna jembe. Jembe la kuchimbia kaburi. Huitwa hivyo mtoto anayefuata waliokufa, ili mauti ikija iambiwe vifaa havipo, irudi ilikotoka. Palikuwa na mfalme wa Lagos wa jina hilo, alitawala 1845 hadi 1851, Waingereza wakamng'oa kwa mizinga. Kila nikilikumbuka namwazia yule mama aliyesimama mlangoni akasema uongo kuhusu jembe.

Kwa hiyo mwombe mkwe wako alitamke jina mara tano polepole, nawe urekodi kwenye simu. Watoto wa gatini wachezeshe hiyo rekodi. Abiria litafifia, ingawa kwa kweli ni tafsiri nzuri kuliko wanavyojua.

Sasa mvutano wenu. Kwa Wayoruba mtoto hupewa jina siku ya nane, wakubwa wakimwonjesha asali, chumvi, maji, na kola, ile kokwa chungu ya kutafuna. Zamani wa kiume alingoja siku ya tisa, wa kike ya saba, pacha ya nane. Lakini linalokuhusu wewe ni hili: pale kila mkubwa wa ukoo huja na jina lake mkononi, babu lake, nyanya lake, na mtoto huondoka nayo yote. Mkweo amelelewa hivyo. Akisikia nyanya ameleta Mwanakombo hatashangaa; angeshangaa kama ungelikosa kulileta. Mwandikeni Abiona Mwanakombo, likifuatiwa na jina la baba.

Cheti msikiogope. Sheria inawapa miezi sita, baada ya hapo mtaingia foleni ya waliochelewa, na foleni hiyo naijua, niliketi upande wa pili wa meza yake. Mtoto hakuzaliwa hospitali, basi anzeni kwa naibu chifu. Andika jina kwa herufi kubwa zilizotengana kwenye karatasi yako, mpe karani ainakili, usimtamkie. Mimi niliwahi kutamkiwa Charo na mtu mwenye pengo nikaandika Sharo, na kijana huyo ni Sharo mpaka leo, tukikutana hunipa mkono bila ya kunitazama. Na penye mahali pa kuzaliwa msiandike "baharini". Niliandika hivyo mara moja, fomu ikarudi na alama nyekundu ya kuuliza. Tajeni Mkanda na kaunti ndogo.

*

Bwana Karani, hapa Malindi jirani yetu Mnigeria amepata pacha, amewaita Taiwo na Kehinde. Mimi nina Kurwa na Doto. Yeye asema aliyezaliwa wa pili ndiye mkubwa. Anatania?
Baba Kurwa, Malindi

Hatanii, Baba Kurwa. Taiwo ni aliyekwenda kuionja dunia kwanza, Kehinde ni aliyekuja nyuma. Wayoruba husema Kehinde, kwa ukubwa wake, ndiye aliyemtuma mdogo wake atoke akaangalie kama dunia yafaa, Taiwo akalia, Kehinde akajua pana watu. Majina hayo hayachaguliwi, pacha huzaliwa nayo, na anayewafuata ni Idowu, kisha Alaba. Wana uzoefu: mji wao wa Igbo-Ora unajulikana duniani kwa wingi wa pacha. Jirani yako akikualika, basi, Doto wako ataandaliwa sinia kwanza. Mwandae Kurwa mapema, asije akalia ugenini.