Konokono wetu kule Moorea

Swali lenu la wiki liliuliza: ni sehemu gani ya mbali duniani inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki bila wengi wetu kujua? Nadhani wengi watawaandikia kuhusu Oman na India, na hawatakosea. Mimi jibu langu ni Moorea, kisiwa cha kilomita za mraba 134 hivi katikati ya Pasifiki, ng'ambo kidogo tu ya Tahiti. Kinachotuunganisha nacho ni konokono.

Nasema yule mkubwa wa rangi ya kahawia mwenye michirizi, ambaye asubuhi za masika humkosi ukutani nje ya bafu. Asili yake ni huku huku kwetu. Gamba lake laweza kufika sentimita 20, anataga mayai kwa mamia, na hachagui: mchicha, mpapai, majani ya maboga, vyote kwake riziki. Katika karne ya 19 alikuwa ameshafika Mauritius na India, kisha watu wakazidi kumhamisha, wengine kwa ajili ya kitoweo, mpaka mwaka 1967 akaingia Tahiti.

Wenyeji wa visiwa vile walijua habari za kuhamisha viumbe. Wazee wao walifika yapata miaka elfu moja iliyopita kwa mitumbwi miwili miwili iliyofungwa pamoja, wakiwa na nguruwe, kuku, mbwa na miche ya mshelisheli. Kapteni Cook, baharia Mwingereza, alitia nanga Moorea mwaka 1777, na Wafaransa wakajifanya walinzi mwaka 1842, halafu wenye mali mwaka 1880. Hadithi hiyo tunaijua hata sisi, mabwana tu ndio walikuwa wengine.

Lakini msituni kulikuwa na watu wengine wa zamani zaidi: konokono wadogo wa jamii ya Partula, wa sentimita mbili hivi, wanaoishi mitini na kushinda mchana wamejibandika chini ya majani. Hawa hawatagi. Wanazaa mtoto mmoja mmoja, naye anatoka na gamba lake tayari mgongoni. Moorea peke yake ilikuwa na spishi 7. Kuna spishi moja ambayo bonde hili magamba yanajikunja kulia, ukivuka kwenda bonde jingine unayakuta yamejikunja kushoto. Mwanasayansi Mmarekani, Henry Crampton, alianza kuwafuatilia mwaka 1906, na kitabu chake cha Moorea hakikutoka mpaka 1932. Muda wote huo alikuwa akipima magamba. Wenyeji walikuwa wakiyatunga mikufu.

Konokono wetu alipoanza kumaliza mashamba, wakubwa wa kilimo wakaona dawa ya moto ni moto. Mwaka 1974 wakaleta Tahiti konokono mwingine, Euglandina, mwenyeji wa Florida, ambaye chakula chake ni konokono wenzake. Mwaka 1977 wakamfikisha Moorea. Huyu anawinda kwa kufuata ute: akiukuta njiani anaufuata mpaka amfikie mwenye ute, na huyo akiwa mdogo anammeza mzima mzima. Sasa fikiria. Mbele yako kuna jitu lenye gamba gumu kama kikombe cha udongo, na juu ya mti kuna vijikonokono laini vinavyoingia mdomoni bila shida. Ungeanza na nani?

Kufikia mwaka 1987 hapakuwa na Partula hata mmoja aliyeonekana porini Moorea. Miaka 10 tu. Ndiyo maana sikubali tunapotajwa sisi kama chanzo cha msiba ule. Mlafi wetu alikula mboga za watu, hilo halina ubishi. Ila muuaji aliletwa kwa makusudi, kwa mhuri wa serikali, na watu waliokuwa na haraka.

Waliobaki walikuwa ni wale ambao watafiti waliwahi kuwachukua na kuwapeleka bustani za wanyama, zaidi Uingereza. Huko si wote walionusurika: Partula turgida, wa kisiwa cha Raiatea, alimalizikia London mwaka 1996 kwa ugonjwa wa vimelea. Mwaka 1994 Moorea walijaribu kuzungushia uzio kipande cha msitu. Matunzo yalipolegea, Euglandina akaingia.

Tangu 2015 Partula wanarudishwa visiwani kwa maelfu, kila mmoja na nukta ya rangi kwenye gamba ili ajulikane katoka bustanini. Mwaka 2024 Moorea wakapatikana Partula tohiveana wazima wasio na nukta yoyote, yaani waliozaliwa huko huko msituni.

Na kumbe muuaji naye ana udhaifu. Tahiti kuna Partula mmoja mweupe, hyalina, aliyebaki mabondeni wakati wenzake wanakwisha. Watafiti wa Marekani waligundisha vikompyuta vidogo vya kupima mwanga, vya milimita chache tu, kwenye magamba ya Euglandina wenyewe, na vingine wakavibandika kwenye majani wanayolala hao weupe. Matokeo yalitoka 2021: weupe wanakaa kwenye mwanga mkali ambao Euglandina hauwezi, maana gamba lake la rangi iliyokoza linashika joto haraka. Kwa hiyo leo anayetaka kuwalinda hyalina inabidi aanze na kulinda kingo za msitu, pale jua linapopenya, ambapo ndipo watu hupenda kufyeka kwanza.